Mawe, visukuku na historia ya Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ambayo watu huuliza kila mada ya miamba na visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa kwenye mwamba, ikiguswa. Nimejibu kwa lugha ya kawaida tu, penye utamu nimekaa, pasipo na mengi nimepita haraka. Kitu kimoja ukishike toka mwanzo, hakuna jiwe linaloaminiwa peke yake. Mambo ya zamani yanathibitishwa kama kesi, unawahoji mashahidi wasiojuana, kila mmoja peke yake, alafu unaangalia kama maelezo yao yanaendana.

Hivi jiwe linawezaje kueleza kitu chochote?

Linaeleza kwa namna lilivyoumbika. Chukua kipande cha mwamba wa mchanga, kishike juani na uwe na lenzi ndogo ya mkono. Utaona punje. Zikiwa za mviringo na saizi inakaribiana basi zimesuguliwa muda mrefu, na upepo au mawimbi. Zikiwa na kona kali, kubwa kwa ndogo zimechanganyika, ujue hazikusafiri mbali, zilimwagwa kwa haraka karibu na zilikotoka. Sasa geuza uso wa kile kipande, unaweza kukuta viwimbi vimekauka pale, vile vile kama unavyoviona kwenye mchanga maji yakishakupwa. Viwimbi vyenye pande mbili zinazolingana vimetengenezwa na mawimbi ya kwenda na kurudi, na vile vyenye upande mmoja mkali vimetengenezwa na maji yaliyokuwa yanatiririka kuelekea upande huo. Yaani mto umekufa miaka milioni 200 iliyopita na wewe umesimama hapo unanyoosha kidole unasema maji yalikuwa yanaenda kule. Mimi hapo ndo moyo wangu uliponaswa na haya mambo na haujatoka mpaka leo.

Msingi wake ni huu, maji, upepo, barafu na volkano vinafanya kazi leo na tunaviona vikifanya kazi. Alama wanazoacha leo tunazijua. Tukikuta alama ile ile ndani ya mwamba wa zamani tunajua nani kaiacha.

Mawe yote yana habari sawa?

Hapana. Kuna makundi matatu. Miamba ya moto inatokana na ujiuji wa mawe yaliyoyeyuka uliopoa, iwe lava juu ya ardhi au chini kabisa kama granaiti, na hii ndo mizuri kwa kupima umri. Miamba ya mashapo inatokana na mchanga, tope, chokaa na vitu vilivyotua taratibu vikagandamana, humu ndo visukuku vinakaa. Kundi la tatu ni miamba geu, ambayo ilikuwa ya aina nyingine ikapikwa na kubanwa chini ya ardhi hadi ikabadilika, kama chokaa inavyogeuka kuwa marumaru. Hii inatuambia ilizama kina gani na ilipata joto kiasi gani, ila visukuku vyake mara nyingi vinakuwa vimeshafutika.

Kwa nini mnasema tabaka la chini ndo la zamani? Na kama limepinduka?

Mashapo yanaanguka kutoka juu, basi. Kama kapu la nguo chafu, ya chini kabisa ndo ilitangulia kutupwa. Aliyeandika jambo hili vizuri ni Nicolas Steno, mtu wa Denmark aliyekuwa anafanya kazi Italia, mwaka 1669. Alifika huko kwa njia ya ajabu kidogo, mwaka 1666 aliletewa kichwa cha papa mkubwa akichunguze, akatazama meno akaona yanafanana kabisa na vijiwe fulani ambavyo watu wa enzi hizo waliviita ndimi za mawe na wengine waliamini vimeanguka kutoka mbinguni. Steno akasema hapana, haya ni meno ya papa. Swali lililofuata likawa zito kuliko lile la kwanza, meno ya papa yameingiaje ndani ya mwamba mgumu mbali na bahari? Jibu ni kwamba ule mwamba hapo mwanzo ulikuwa tope laini, likatua tabaka juu ya tabaka.

Kuhusu kupinduka ni kweli inatokea. Milima inapojikunja matabaka yanaweza kusimama wima au kugeuka kabisa. Lakini mwamba una alama za kuonyesha juu yake ni wapi. Tope likikauka linapasuka, na ule ufa unakuwa mpana kwa juu na kuchongoka kwa chini. Mashapo yakitua kwenye maji yaliyotulia punje nzito zinatangulia na laini zinafuata. Unyayo unadidimia kwenda chini, haujawahi kudidimia kwenda juu. Ukikuta alama zote hizo ziko kichwa chini miguu juu, tabaka limepinduliwa, na unaanza kusoma kwa kinyume.

Kisukuku ni mfupa au ni jiwe?

Inategemea. Mara nyingi mnyama anakufa, nyama inaoza, mfupa au gamba linafukiwa na tope kabla halijasagika, alafu maji yenye madini yanapenya kwenye vitundu vidogo vidogo vya mfupa na kuacha madini humo. Baada ya muda mrefu umbo linabaki lile lile na muundo wa ndani unabaki ila sehemu kubwa sasa ni jiwe. Wakati mwingine gamba linayeyuka lote na kuacha tundu lenye umbo lake, kama muhuri kwenye udongo. Wadudu wengine walinaswa kwenye utomvu wa miti ukagandamana ukawa kaharabu, na humo unamwona mdudu mpaka vinyweleo vya miguu.

Na sio lazima kiwe kiwiliwili. Nyayo ni visukuku, mashimo ya minyoo ni visukuku, hata mavi yaliyogeuka jiwe ni visukuku na ni ya thamani sana kwa sababu yanaonyesha mnyama alikula nini, jambo ambalo mfupa wa mguu hauwezi kukwambia.

Mbona visukuku ni vichache kama viumbe vilikuwa vingi hivyo?

Kwa sababu kugeuka kisukuku ni bahati kubwa. Mzoga wa kawaida unaliwa, unatawanywa, unaoza, unaisha. Ili ubaki lazima ufukiwe haraka, alafu ule mwamba usiyeyuke wala kusagwa, alafu uje kuinuliwa juu, alafu mtu apite pale wakati mmomonyoko umeshaufunua ila haujaumaliza. Ndo maana konokono na chaza wa baharini tunao kwa mamilioni na wanyama laini kama kiwavi bahari ni nadra mno.

Mfano mzuri ni samaki silakanti. Visukuku vyake vinakoma kuonekana kwenye miamba ya kama miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo watu waliamini ametoweka, mpaka mwaka 1938 akavuliwa mmoja mbichi huko Afrika Kusini. Alikuwepo muda wote. Kwa hiyo kutokukiona kisukuku sio ushahidi kwamba mnyama hakuwepo, na mwanajiolojia yeyote makini anaongea kwa tahadhari hapo.

Umri wa Dunia, miaka bilioni 4.5, mmeupata wapi?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote acha nilijibu kwa kirefu.

Matabaka peke yake yanakwambia nani katangulia, hayakwambii ni miaka mingapi. Katika karne ya 19 mwanafizikia Lord Kelvin alijaribu kukokotoa Dunia ingechukua muda gani kupoa kutoka hali ya kuyeyuka, mwaka 1862 akasema kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Hesabu zake zilikuwa safi ila kuna vitu hakuvijua. Mwaka 1896 Henri Becquerel akagundua mionzi ya urani, na mionzi ikabadilisha kila kitu, kwa kuwa ilileta saa iliyofungiwa ndani ya jiwe lenyewe.

Saa hiyo inafanya kazi hivi. Atomi za urani sio imara, zinavunjika hatua kwa hatua na mwisho zinakuwa risasi, ile metali nzito. Kasi ya kuvunjika haibadiliki ovyo, joto haliigusi, mgandamizo hauigusi. Aina ya urani inayoitwa urani 238 inachukua miaka bilioni 4.47 nusu yake iwe imegeuka risasi. Sasa kuna punje za madini zinaitwa zirkoni, ndogo, nyingi hazizidi upana wa unywele mmoja au miwili, ngumu kupita kiasi. Zirkoni ikiwa inajijenga ndani ya ujiuji wa moto inaikubali urani iingie kwenye muundo wake lakini risasi inaikataa. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa punje ina urani na karibu haina risasi kabisa. Ukiikuta leo ina risasi, hiyo risasi imezaliwa humo humo ndani. Pima urani iliyobaki, pima risasi iliyopo, piga hesabu, unao umri.

Uzuri wa zirkoni ambao mimi naupenda kupita vyote ni kwamba ina saa mbili. Kuna urani 238 na kuna urani 235, hii ya pili inavunjika haraka zaidi, nusu yake inaisha kwa miaka milioni 704, na kila moja inazaa aina yake ya risasi. Saa mbili, kasi mbili tofauti, ndani ya punje moja. Zikitoa jibu moja unaamini. Zikitofautiana unajua punje imeguswa, labda ilipashwa moto ikavujisha risasi, na unaacha kuitegemea kienyeji. Mtu anayesema vipimo hivi ni vya kubahatisha nadhani hajawahi kuelezwa kipengele hiki.

Umri wa Dunia yenyewe ulipatikana kupitia vimondo, maana Dunia imejiyeyusha na kujikunja mara nyingi mpaka miamba yake ya mwanzo kabisa imepotea. Vimondo viliumbika wakati mmoja na sayari alafu vikakaa bila kuguswa. Clair Patterson wa Marekani alipima risasi kwenye vimondo akatoa jibu mwaka 1956, miaka bilioni 4.55, na tangu hapo limerekebishwa kidogo sana. Kazi ilimchukua miaka kwa sababu vipimo vyake vilikuwa vinaharibika, risasi ilikuwa imejaa kila mahali, kwenye vumbi, kwenye nguo, hewani. Ilibidi asafishe maabara kwa namna ambayo ilikuwa haijazoeleka. Na kwa kutafuta hiyo risasi inatoka wapi ndo akaja kuwa mmoja wa waliopaza sauti kuhusu petroli yenye risasi. Alianza kwa kutafuta umri wa Dunia akaishia kuokoa afya za watu, mimi namheshimu sana.

Hapa duniani punje za zamani zaidi tulizonazo ni zirkoni za Jack Hills huko Australia, kama miaka bilioni 4.4.

Si mngepima tu kwa kaboni 14?

Kwa dinosaria haifai kabisa. Kaboni 14 ni aina ya kaboni inayovunjika kama urani ila haraka zaidi, nusu yake inaisha kwa miaka 5,730, ukifika kama miaka 50,000 imebaki kidogo mno haipimiki vizuri. Inafaa mkaa wa jiko la kale, mbao, mifupa ya juzi juzi kwa lugha ya jiolojia. Kwa lava wanatumia potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni, kwa sababu lava ikiwa bado uji gesi inatoroka, ikiganda gesi mpya inafungiwa na saa inaanza upya.

Mnapima kisukuku kwa tabaka, na tabaka kwa kisukuku, si mnazunguka pale pale?

Swali zuri na nafurahi mtu akiliuliza, maana anafikiri. Mpangilio wa visukuku ulijulikana kabla watu hawajawa na wazo lolote la mionzi. William Smith alikuwa mpimaji ardhi Uingereza wakati mifereji ya boti inachimbwa, kazi yake ilimfanya aone matabaka mabichi yamekatwa kila siku. Akagundua kila tabaka lina visukuku vyake, na vinafuatana kwa utaratibu ule ule popote anapokwenda, akaweza kutambua tabaka kwa kuangalia kome na konokono waliomo. Mwaka 1815 akatoa ramani ya jiolojia ya Uingereza na Wales. Kwake ilikuwa ni kufuatana tu, miaka hakuitaja.

Alafu zaidi ya miaka mia baadaye wanakuja watu wa mionzi, wanapima tabaka za majivu ya volkano zilizolala katikati ya matabaka hayo hayo, bila kuangalia kisukuku hata kimoja, na majibu yanatoka kwa mpangilio ule ule, ya chini umri mkubwa ya juu umri mdogo. Hao ni mashahidi wawili wasiojuana. Ndo maana leo mtu wa visima vya mafuta akipandisha udongo kutoka kilomita mbili chini, akaona aina fulani ya viganda vya foraminifera, vijidudu vya baharini, ambavyo unahitaji hadubini kuviona, anajua yuko tabaka gani. Kuna makampuni yanachimba kwa kutegemea hilo, na mpangilio ungekuwa wa kubuni wangekuwa wanakosa kila siku.

Kwa hiyo historia yote iko kamili kwenye mawe?

Haiko kamili hata kidogo, na tunajua palipochanwa. Mwaka 1788 mwanajiolojia James Hutton alichukua boti na wenzake wawili wakapita pwani ya Scotland mpaka sehemu inaitwa Siccar Point. Ukiangalia pale chini kuna matabaka ya kijivu yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Juu yake, yamelala karibu sawa, kuna matabaka ya mwamba wa mchanga mwekundu. Fikiria inahitaji nini mpaka ipatikane hiyo picha. Tope la kijivu litue baharini, taratibu, ligande liwe mwamba. Mwamba ukunjwe mpaka usimame. Uinuliwe juu ya maji. Ulike na mvua na upepo hadi ubaki tambarare. Alafu mito ije imwage mchanga mwekundu juu yake, nao ugande. Alafu vyote viinuliwe tena uje uvione. Playfair, mmoja wa waliokuwa kwenye ile boti, aliandika kwamba akili ilitaka kupata kizunguzungu kwa kuchungulia mbali hivyo ndani ya wakati. Ule mstari wanapokutana kijivu na nyekundu, ambao unaweza kuufunika kwa kiganja, ni kama miaka milioni 65 ambayo haina ukurasa.

Grand Canyon huko Marekani pengo ni kubwa zaidi, kuna sehemu mwamba wa kama miaka bilioni 1.7 umefunikwa moja kwa moja na mchanga wa miaka milioni 500 na kidogo. Zaidi ya bilioni moja imekatwa. Kinachofanyika ni kutafuta sehemu nyingine duniani ambako kurasa hizo zilibaki.

Inakuwaje kuna viumbe vya bahari juu ya mlima?

Kilele cha Everest ni mwamba wa chokaa uliotengenezwa chini ya bahari, una vipande vya trilobaiti, wanyama wa bahari wa kale waliokwisha kutoweka, na vya wanyama wa jamaa ya kiti cha pweza. Bahari haikupanda mpaka kule, sakafu yake ndo iliinuliwa. Bara Hindi lilisafiri kaskazini likagonga Asia kama miaka milioni 50 iliyopita na bado linasukuma mpaka leo, sakafu ya bahari iliyokuwa katikati ikabanwa na kupandishwa. Ukiangalia vile viganda havijavurugwa vurugwa kama vitu vilivyosombwa na mafuriko, vimelala kwenye matabaka yaliyojengwa taratibu.

Mabara yalisogea kweli? Ushahidi uko wapi?

Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alisema hivyo mwaka 1912 na wengi walimkatalia, kwa sababu hakuweza kueleza nguvu gani inayosukuma. Lakini mashahidi wake walikuwa wazuri. Mesosaurus, mnyama wa jamii ya reptilia mwenye urefu wa kama mita moja hivi, hakuwa na uwezo wa kuvuka bahari kuu, visukuku vyake viko kusini mwa Afrika na Brazili. Mmea wa Glossopteris uko Afrika, Amerika Kusini, India, Australia na hadi Antaktika. Kuna mikwaruzo ya barafu kwenye miamba ya Afrika Kusini na India, mistari mirefu iliyochorwa na mawe yaliyokokotwa chini ya barafu kama miaka milioni 300 iliyopita, sehemu ambazo leo ni za joto. Ukiyaunganisha mabara, hiyo mikwaruzo inajipanga kama inatoka sehemu moja.

Kilichomaliza ubishi ni sumaku. Lava ikipoa chembe zake za chuma zinajielekeza kama dira na kuganda hivyo, na sumaku ya Dunia imegeuka kaskazini kwa kusini mara nyingi. Miaka ya 1960 ikaonekana sakafu ya bahari ina milia ya sumaku inayolingana pande zote mbili za milima ya katikati ya bahari, kushoto kama kulia, maana yake sakafu inazaliwa pale katikati na kusogea pande zote. Atlantiki inapanuka sentimita chache kwa mwaka, kasi ya kucha kukua. Wegener alishakufa kitambo, alifariki Greenland mwaka 1930, hakuyaona.

Dinosaria waliuawa na nini, na mnajuaje?

Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanae Walter, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya tabaka jembamba la udongo la wakati dinosaria walipotoweka, kutoka Gubbio, Italia. Unene wake ni kama sentimita moja. Chini yake kuna viganda vingi vya foraminifera, juu yake karibu vyote vimetoweka. Ndani ya ule udongo wakakuta metali ya iridi ikiwa kama mara 30 ya kawaida, na iridi ni adimu kwenye gamba la Dunia ila ni nyingi kwenye vimondo. Tabaka hilo hilo likapatikana Denmark, New Zealand, na sehemu nyingine nyingi, pamoja na punje za madini ya kwazi zilizopasuka kwa namna inayotokea kwenye mgongano mkubwa mno. Baadaye kreta yenyewe, yaani shimo la mgongano, ikatambuliwa, Chicxulub huko Mexico, upana wa kama kilomita 180, umri miaka milioni 66. Kitu kilichogonga kilikuwa na upana wa kama kilomita 10.

Volkano kubwa za India nazo zilikuwa zinamwaga lava kipindi hicho na mjadala kuhusu mchango wake unaendelea. Na sio wote walikufa, ndege ni kizazi cha dinosaria. Kutoweka kukubwa kuliko kote kulitokea kabla, miaka milioni 252 iliyopita, na hapo mtuhumiwa mkuu ni volkano za Siberia.

Mnajuaje zamani hakukuwa na oksijeni?

Kwa kuangalia kilichooza na ambacho hakikuoza. Kuna madini yanaitwa pairaiti, ya chuma na salfa, yanang'aa kama dhahabu. Leo ukiyaacha mtoni hewani yanaharibika kwa sababu ya oksijeni. Lakini kwenye changarawe za mito ya zamani sana, kabla ya kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, tunakuta punje za pairaiti zimesuguliwa zikawa mviringo, maana yake ziliviringishwa na maji masafa marefu na hazikuoza. Hewa ya wakati huo haikuwa kama hii. Shahidi wa pili ni miamba ya chuma yenye milia, chuma kilikuwa kimeyeyuka baharini, oksijeni ilipoanza kutolewa na bakteria kikapata kutu na kutua chini, tabaka nyekundu, tabaka ya kijivu, nyekundu tena. Sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa leo inatoka humo.

Uhai wenyewe ni wa zamani zaidi ya hapo. Huko Pilbara, Australia, kuna stromatolaiti, vichuguu vya mawe vilivyojengwa na vijidudu tabaka kwa tabaka, vya kama miaka bilioni 3.5.

Ni kweli siku zilikuwa fupi?

Ndio. Matumbawe yanajiongezea mstari mwembamba kila siku na mikanda mipana kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari kwenye matumbawe ya kale ya kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, akapata kama 400 kwa mwaka. Mwaka haujabadilika urefu, kwa hiyo siku ilikuwa ya kama saa 22. Wanaastronomia nao walishakokotoa kwamba mvuto wa Mwezi na mawimbi ya kupwa na kujaa unapunguza kasi ya Dunia kuzunguka, na namba zinaendana.

Nyayo za Laetoli zina umuhimu gani?

Laetoli iko Tanzania. Kama miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu laini, ikanyesha mvua, na matone yenyewe yaliacha vitundu vinavyoonekana mpaka leo. Wanyama wakapita, sungura, kanga, farasi wa kale wenye vidole vitatu. Na wakapita watu wa kale, wima, kwa miguu miwili. Majivu yale yakagandamana kama saruji, yakafunikwa na majivu mengine. Timu ya Mary Leakey ilizifunua nyayo hizo mwaka 1978, mstari wa kama mita 27. Ukiangalia unyayo mmoja, kisigino kimezama, kuna uvungu wa mguu, na kidole gumba kimekaa sambamba na wenzake, sio pembeni kama cha sokwe. Mifupa ya mguu tungebishana. Unyayo unaonyesha mwendo wenyewe, na ubongo mkubwa ulikuwa haujaja bado. Tulianza kutembea kwanza.

Wanyama wa katikati wako wapi, kati ya samaki na wa nchi kavu?

Wapo, na mmoja alitafutwa kwa makusudi. Samaki wa kabla ya miaka milioni 380 iliyopita walijulikana, wenye miguu wa baada ya milioni 365 walijulikana. Mtafiti wa visukuku Neil Shubin na wenzake wakasema basi tutafute mwamba wa katikati, wa mashapo ya mito, uliojitokeza juu ya ardhi. Wakaenda kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Kanada, misimu kadhaa ya baridi kali, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, umri kama milioni 375. Ana magamba na mapezi kama samaki, ana shingo, na ndani ya pezi kuna mifupa ya kiwiko na kifundo. Walibashiri umri na aina ya mwamba kabla ya kuondoka nyumbani.

Nimeokota jiwe lenye alama kama mmea, nifanye nini?

Kwanza piga picha likiwa pale pale lilipo, weka kitu pembeni cha kuonyesha saizi, andika mahali na tabaka lililotoka. Kisukuku kilichong'olewa bila kujulikana kimetoka wapi kinapoteza zaidi ya nusu ya habari zake, ndo maana nawaomba sana watu wasichimbe kwa pupa. Usikipake kitu, usikisugue na tindikali. Angalia sheria ya mahali ulipo maana nchi nyingi zinakataza kuondoa au kuuza, alafu peleka picha jumba la makumbusho au idara ya jiolojia iliyo karibu.

Na kama alama ni nyeusi, ina matawi matawi membamba kama jani la kangaga na imetokea kwenye ufa wa jiwe, kuna uwezekano mkubwa sio mmea. Ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji kwenye ufa yakajichora hivyo. Tazama kwa lenzi, mmea una mshipa wa katikati na kingo, manganizi yanagawanyika tu bila mshipa wowote.